Kwenye Lualaba, tuhesabu bidoni za mazuti, tuache kuhesabu rangi ya mafuta

Ukimuuliza mwenye mtumbwi wa moteri kwenye mto Lualaba ni siku gani atafanya vidanji, jibu la kawaida ni hili: «Mafuta yakiwa meusi.» Mwenye mashine ya kukoboa mchele mjini Kasongo atakujibu vilevile. Mwenye motopompe kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, katika wilaya ya Kabambare, naye hana jibu lingine. Rangi ndiyo imekuwa kalenda yetu. Maoni yangu ni kwamba kalenda hiyo ni ya uongo. Inatumalizia pesa, na kwenye maji inaweza kutumalizia watu.

Tuanze na sababu ya weusi wenyewe. Mazuti yanapoungua ndani ya moteri, hayaungui yote. Yanabaki masizi, kama yale ya chini ya sufuria ya mama anayepikia kuni. Sehemu ya masizi hayo inapita pembeni ya segimenti za pistoni na kushuka ndani ya karteri, mahali mafuta yanapokaa. Mafuta mazuri ya moteri yametiwa dawa za aina mbili za usafi. Moja inaosha vyuma. Nyingine inashika chembe za masizi na kuzibeba zikiwa zimetawanyika, ili zisigandamane na kuziba njia. Kwa hiyo mafuta yanapogeuka meusi, maana yake ya kwanza ni kwamba yanafanya kazi yake: uchafu uko ndani ya mafuta badala ya kubaki kwenye vyuma.

Kwenye moteri ya mazuti jambo hilo linatokea haraka sana. Unaweza kumwaga ya zamani, kutia mapya yenye rangi ya asali, kufanya safari moja tu, na jioni ukivuta joji ukute yamekwisha kuwa meusi. Mekanisiye hajakuibia, na mafuta si mabovu. Ndani ya karteri huwa yanabaki mafuta ya zamani kidogo, na masizi mapya yanaingia kila dakika. Kwenye moteri ya esansi ya mwendo wa nne weusi unakuja polepole zaidi, lakini unakuja.

Hapo ndipo rangi inapotudanganya. Kama mwenye mtumbwi angefuata kweli ile sheria ya «yakiwa meusi, badilisha», angefanya vidanji kila siku mbili na kufilisika. Hawezi. Basi anafanya nini? Anaacha kuiamini alama yenyewe. Anasema mafuta meusi «yamekwisha kuzoea moteri», anaendelea, anaongeza nusu lita pale joji inapokauka, na anangoja alama nyingine: moshi, kelele, moteri kupoteza nguvu. Alama hiyo ya pili ikifika, kusineti za bieli zimekwisha kulika. Alama inayokuja mapema mno inamzoeza mtu kudharau alama zote. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya kutumia rangi.

Kinachochakaza mafuta hakionekani kwa macho. Joto linayachosha, na siku za kupanda mto na mzigo mzito joto hilo ni kubwa. Kiberiti kilichomo ndani ya mazuti kinazaa asidi, na ile dawa ya kupambana na asidi inapungua kila saa. Nafasi ya kubeba masizi nayo inajaa, kama mtumbwi unaoendelea kupakia hadi maji yanafika ukingoni. Siku dawa hizo zikiisha, mafuta ya jana na ya leo yana weusi uleule. Tofauti ni kwamba ya leo hayalindi tena.

Ndiyo maana viwanda vinavyotengeneza moteri haviandiki rangi kwenye vitabu vyao. Vinaandika saa. Kwa moteri ndogo za esansi kama zile za motopompe, kanuni ya kawaida ni vidanji ya kwanza baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au kila miezi 6. Kwa moteri za nje za boti za mwendo wa nne ni saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au mara moja kwa mwaka. Kwa moteri ndogo za mazuti vitabu vinatofautiana, lakini saa 100 ni kipimo ambacho mtu makini hatajuta kukifuata. Ile vidanji ya kwanza ya mapema ina sababu yake: moteri mpya, au iliyotoka kutengenezwa, inasuguana vyuma na kumwaga vumbi la chuma ndani ya mafuta. Usiiruke hata kama mafuta bado yanang'aa.

Sasa tuhesabu. Mtumbwi wa biashara unaofanya kazi saa 10 kwa siku unamaliza saa 100 kwa siku 10. Ukifanya kazi siku 5 kwa juma, mwezi mmoja ni kama saa 200. Mwenye mtumbwi anayejisifu kwamba anafanya vidanji kila mwezi amekwisha pitisha kipimo mara mbili. Na yule ambaye mtumbwi wake umelala miezi mitatu kwa sababu ya usalama mdogo au kukosa mizigo, naye akibadilisha kila mwezi anatupa mafuta bure. Mwezi si kipimo cha moteri. Kilomita nazo, ambazo mwenye pikipiki wa barabara ya Kasongo na Kabambare anazisoma mbele ya macho yake, hazimsaidii mtu wa mto. Kupanda na kushuka umbali uleule si kazi moja.

Wengi watasema: «Sisi hatuna mita ya saa kwenye moteri zetu.» Ni kweli. Lakini kila mtu wa mto ana mita nyingine ambayo haimdanganyi kamwe, nayo ni bidoni ya mazuti. Hakuna asiyejua amenunua bidoni ngapi, kwa sababu pesa inauma. Pima mara moja tu moteri yako inakula lita ngapi kwa saa ikiwa na mzigo. Tuseme inakula lita 4. Kwa saa 100 itakula lita 400, yaani bidoni 20 za lita 20. Basi sheria yako inakuwa fupi: bidoni 20, vidanji moja. Chora msitari mmoja ubaoni au kwenye daftari kila unapomimina bidoni. Msitari wa 20 ukifika, mtumbwi hauondoki kabla ya vidanji. Kama moteri yako inakula lita 2 kwa saa, ni bidoni 10. Hata asiyejua kusoma anaweza kuishika hesabu hiyo.

Hesabu hiyohiyo inajibu malalamiko ya pili, kwamba mafuta ni ghali. Moteri ya mazuti ya silinda moja, ya nguvu za farasi 20 hivi, inabeba kama lita 3 hadi 4 za mafuta. Weka lita 4 za mafuta mbele ya lita 400 za mazuti: ni lita 1 kwa kila 100. Hata kama lita ya mafuta inauzwa kwenu mara tatu ya lita ya mazuti, vidanji ni franka 3 juu ya kila franka 100 ulizotia kwenye tangi. Hakuna mfanyabiashara wa mchele, wa samaki wala wa mafuta ya ngazi anayefungwa na franka 3 kwa 100. Kinachomfunga ni siku vilebrekeni inapokatika, na kipande cha kubadilisha kinapaswa kusubiriwa kutoka Bukavu, Kalemie au Lubumbashi, kwa barabara ambazo sote tunazijua.

Lakini jambo hili halihusu pesa peke yake. Tazama mto wetu ulivyo. Lualaba haipitiki moja kwa moja. Upande wa juu, karibu na Kongolo, kuna maporomoko ambayo Wazungu waliyaita Portes d'Enfer, Milango ya Jehanamu. Upande wa chini, baada ya Kibombo, maji yanavunjika tena kwenye mawe kabla ya Kindu. Kwa sababu hiyo kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga reli kutoka Kindu hadi Kongolo kwa ajili ya kuzunguka maporomoko hayo. Reli ilipita ng'ambo ya magharibi, kwa Kibombo na Samba, na mji wa Kasongo ukabaki upande wake wa mashariki. Kati ya Kasongo na Kibombo tumebaki na kipande cha mto kinachopitika, kama kilomita 100, na hapo ndipo mitumbwi na balenyeri zinapobeba maisha yetu. Treni ikikosekana, mto ndio barabara.

Kwenye kipande hicho, moteri kukwama si kama pikipiki kukwama. Pikipiki ikifa, unaisukuma pembeni na kukaa chini ya mti. Moteri ikifa katikati ya Lualaba wakati wa maji mengi, mto unachukua usukani. Mtumbwi uliojaa unageuka ubavu, unagonga mti uliozama au kisiwa cha mchanga, watu wanasimama wote kwa woga upande mmoja, na tunajua kinachofuata. Au hakuna ajali, lakini safari iliyotakiwa kumalizika saa kumi alasiri inaingia usiku. Serkali imekataza mara nyingi safari za usiku kwenye mito yetu, na sababu ni nzuri. Ila tangazo halimsaidii kapiteni ambaye giza limemkuta akifungua moteri kwa tochi ya simu. Tunazungumza sana juu ya kujaza watu kupita kiasi na juu ya koti za kuokolea maisha, na ni haki kuzungumza hivyo. Juu ya hali ya moteri hatusemi chochote.

Sisemi kwamba macho hayana kazi. Yana kazi, lakini yafundishwe kutazama mambo mengine, siyo weusi. Mafuta yakiwa meupe-meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia: simamisha, tafuta yanapoingilia, usiendelee hata saa moja, maana maji hayawezi kubeba uzito wa vilebrekeni. Kimo kikipanda kwenye joji bila mtu kuongeza, au mafuta yakiwa mepesi na kunuka mazuti, basi mazuti yanavuja kuingia kwenye karteri. Ukisugua tone kati ya vidole karibu na mwanga ukaona vimeta-meta, hivyo ni vyuma vya moteri yako vinavyokwisha. Na yakiwa mazito kama lami, umechelewa zamani.

Kuna pia mtihani wa karatasi ambao mekanisiye wengi wanaujua. Baada ya safari, moteri ikiwa bado ya moto, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe inayonywa, uiache saa chache mahali pasipo vumbi. Kama masizi yanasambaa taratibu hadi pembeni, dawa bado inabeba uchafu. Kama weusi umekaa katikati kama kitufe chenye ukingo mkali, na kuzunguka kuna duara la mafuta matupu, nguvu imekwisha. Mtihani huu usichukue nafasi ya kuhesabu bidoni. Unasaidia kujua kama mafuta uliyouziwa yanafika kweli kwenye saa 100, au kama kwa mafuta hayo unapaswa kubadilisha kila saa 50.

Hapo tunagusa jambo lingine la rangi, nalo ni soko. Mnunuzi anayehukumu kwa rangi ni rahisi kudanganywa. Mafuta yaliyotumika yakichujwa na kusafishwa kidogo yanaweza kurudi na sura nzuri, na mafuta ya chini kabisa yanaweza kung'aa kuliko ya bei. Chupani kwa kadafi, yote ni ya dhahabu. Kinachosema ukweli ni maandishi kwenye bidoni iliyofungwa: herufi C kwa mafuta ya moteri za mazuti, kama CF-4 au CH-4, na herufi S kwa zile za esansi. Kisha namba ya uzito, ambayo kwa joto letu mara nyingi ni 40 au 15W-40. Kama kitabu cha moteri yako kinasema vingine, fuata kitabu. Wanaouza kwa kupima-pima wamsaidie mteja wao: bidoni ifunguliwe mbele yake, na jina lake lionekane. OCC, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa, isiishie kwenye mipaka. Mafuta yanayofika soko la Kasongo au Wamaza ndiyo yanayobeba watu wetu.

Wale wa moteri za nje za mwendo wa mbili, zinazochanganywa esansi na mafuta, wasidhani hili haliwahusu. Wao hawana vidanji ya karteri, kwa sababu mafuta yao yanaungua pamoja na esansi. Wana deni la namna mbili: kuchanganya kwa kipimo cha kitabu, ambacho kwa moteri nyingi ni lita 1 ya mafuta kwa lita 50 za esansi, siyo kwa jicho; na kubadilisha mafuta ya giya, kule chini karibu na helisi, kila saa 100. Mafuta ya giya yakitoka na rangi ya maziwa, mpira wa kuzuia maji umepasuka. Nyavu na kamba zinazojifunga kwenye helisi ndizo mara nyingi zinazouharibu.

Sasa swali ambalo hatupendi kulisikia: yale mafuta meusi tunayomwaga yanakwenda wapi? Yanakwenda majini. Karteri inafunguliwa pale pale ukingoni, na hatua chache kutoka hapo mama anachota maji ya kunywa na watoto wanaoga. Shirika la kulinda mazingira la serkali ya Marekani, EPA, linafundisha kwamba mafuta ya vidanji moja yanaweza kuchafua maji safi ya ujazo mara milioni moja. Ndani ya mafuta hayo kuna masizi, vyuma na sumu zinazoweza kuleta kansa. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya kulinda mazingira katika nchi yetu inahusu pia maji haya, si maji ya Kinshasa peke yake. Tena nitakuwa nimefanya kosa kama nitawaambia watu wabadilishe mara nyingi zaidi bila kusema hili: vidanji nyingi bila mahali pa kuweka machafu ni sumu nyingi zaidi mtoni.

Dawa yake si ngumu. Fyuzi moja la lita 200 lenye kifuniko, likae kwenye kila mahali mitumbwi inapofunga, mbali na maji, chini ya bati. Mafuta hayo yana wateja: wajenzi wanapaka nguzo za nyumba kuzuia mchwa. Wavae mifuko ya mikononi, na wasipake nje ya mtumbwi, kwa maana yatarudi majini. Na wasiyatumie kamwe kwenye vidonda au kwenye ngozi, kama watu wengine wanavyofanya.

Nani afanye haya yote? Wa kwanza ni wenye mitumbwi wenyewe. Katika shirika lao wanajua kukusanya mchango wa msiba. Wanaweza pia kununua fyuzi na kukubaliana juu ya daftari la moteri: tarehe, bidoni zilizomiminwa, vidanji, jina la mekanisiye. Wa pili ni komisaria ya mito. Inatoza kodi kabla ya safari. Basi kabla ya kutia muhuri iombe na daftari hilo, isome msitari wa mwisho, na mtumbwi uliopitisha kipimo ubaki ukingoni hadi ubadilishe. Isigeuke njia nyingine ya kuomba franka. Asiye na daftari apewe mwezi mmoja wa kujifunza kabla ya kuadhibiwa. Wa tatu ni shule zetu za ufundi. Kijana anayemaliza masomo ya mekanika Kasongo bila kujua kwa nini mafuta ya mazuti yanakuwa meusi, atatoka na diploma na kuendelea kutuambia tutazame rangi.

Najua pia kwamba kapiteni mara nyingi si mwenye moteri. Mwenye moteri anakaa mjini, anataka versema ya siku, na kila lita ya mafuta inayoombwa anaiona kama ujanja wa kumwibia. Hapo hesabu ya bidoni inawalinda wote wawili. Papa mwenye mali anaona misitari 20, anatoa pesa ya lita 4, hakuna ugomvi. Kijana wake haombi mafuta msitari wa 8, na hanyimwi msitari wa 20. Na moteri ikikwama hata hivyo, daftari litaonyesha nani aliyekataa kutoa.

Sisi abiria nasi tuna neno la kusema. Tumezoea kuuliza bei, saa ya kuondoka, na kama mtumbwi umejaa. Tuongeze swali moja, kwa heshima, kabla ya kupanda na watoto wetu: «Kapiteni, vidanji ya mwisho ilikuwa bidoni ngapi zilizopita?» Anayejua atajibu mara moja. Asiyejua, tusubiri mtumbwi mwingine.